Kitanda Katika Wimbo wa Byarugaba

Wakwe walifika bila ng'ombe. Badala ya ng'ombe walikuja na mpiga nanga.

Adelgunda aliwaona akiwa nyuma ya nyumba, anapepeta maharage. Walikuwa wanapanda kijia cha katikati ya migomba, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele alikuwa mzee Ndyamukama wa Kiruruma, baba wa kijana, amevaa koti lake zito la kanisani na jua lote lile. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo. Halafu Cassian, bwana harusi mtarajiwa, ambaye siku nyingine hata akibebeshwa mkungu wa ndizi hutembea kama anacheza ngoma, leo anatazama vidole vyake vya miguu. Na mwisho kabisa, akijikokota, nanga yake ya mti na nyuzi kwapani, Projest wa Ihembe. Adelgunda alipomwona huyo wa mwisho, ungo ulimponyoka mikononi na maharage yote yakamwagika.

Mpiga nanga huja siku ya harusi, watu wakishashiba. Siku ya mahari huja ng'ombe. Kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba mambo yameharibika, wala nani ameyaharibu.

"Mama, mbona ng'ombe simwoni?" Deodatha alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga mpya, nywele zimepakwa samli zikang'aa.

"Ingia ndani," Adelgunda alimwambia. "Kaa nyuma ya kiambaza, na usikohoe."

Binti aliingia. Mama yake aliyazoa maharage yaliyomwagika, akayarudisha kwenye ungo. Kisha naye akaingia kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye nyasi mbichi alizozitandaza mwenyewe alfajiri, kwa furaha, akiimba.

Ilikuwa mwaka 1954, mwaka wa tatu tangu kahawa ipate bei mpaka watu wakachanganyikiwa. Kaisho nzima ilikuwa na fedha. Wenye akili walinunua mabati, wenye miguu mibovu wakanunua baiskeli, na waliobaki wakanywa rubisi, pombe ya ndizi. Wanywaji wakiwa wengi wanataka kuburudishwa, na Projest alikuwa tayari kuwaburudisha. Alikuwa na sauti tamu, hilo hata Adelgunda hakulikana. Alikuwa pia na nanga aliyoachiwa na marehemu baba yake, pamoja na wimbo wa Byarugaba.

Byarugaba alikuwa kaka mkubwa wa Ndyamukama, mwindaji mtoto wa wawindaji. Mwaka 1935 simba alitoka bonde la Kagera akaanza kula watu Kaisho, na Byarugaba akatoka Kiruruma na mbwa wake kwenda kumtafuta. Mvua ikamkuta njiani jioni. Akajisitiri kwenye nyumba ya mwisho kabla ya bonde, na nyumba hiyo ilikuwa ya Adelgunda, bibi harusi wa juzi tu, ambaye mumewe, Anatory, alikuwa safarini Bukoba na mzigo wa kahawa kichwani. Kulipokucha Byarugaba alishuka bondeni. Alimchoma simba, simba akamwangukia, na kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata Adelgunda akajifungua Deodatha.

Baba yake Projest ndiye aliyeutunga wimbo huo, ili mtu yule asisahaulike. Usiku ule wa mvua aliupa pumzi moja tu: mvua ikamlaza kwa watu, kukakucha. Basi. Akaenda zake bondeni kwa simba.

Projest aliirithi pumzi hiyo moja akaona ni mlango uliofungwa, na yeye hakuweza kuona mlango umefungwa asichungulie. Akatia kitanda. Mara ya kwanza kilikuwa kitanda kidogo, maneno machache ya kuchekesha, na wanywaji wakapiga meza. Wiki iliyofuata kitanda kikaongezeka. Akatia harufu ya samli. Akatia kilio cha mwanamke. Akatia kovu kwenye paja la kushoto, kovu ambalo Adelgunda hakuwa nalo, lakini nani angelipima? Wanawake kisimani walianza kumwuliza paja linaendeleaje, wakacheka mpaka wakamwaga maji. Kwa miaka miwili kitanda kile kilinenepa kama nguruwe wa misheni.

Adelgunda alimwendea wakati huo, mchana, nyumbani kwake Ihembe. Alimkuta anakaza nyuzi.

"Baba," alimwambia, "nakuomba uniondoe kwenye wimbo wako."

"Mama Deodatha, sijakutaja jina."

"Umetaja nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Kuna nyingine?"

Projest alicheka, cheko la mtu anayetaka kupendwa na kila anayempita. "Mama, huo ni wimbo tu. Nimetia chumvi kidogo. Watu bila kitanda wanasinzia. Nikikitoa itabaki mifupa."

"Ilikuwa na nyama wakati wa baba yako."

"Wakati wa baba watu walikuwa hawana fedha," alisema Projest, akarudi kwenye nyuzi zake.

Hilo la wimbo lingekuwa aibu ya kawaida, na aibu ya kawaida watu huizoea. Kilichomkosesha Adelgunda usingizi ni mumewe. Mwanzoni Anatory alinunuliwa rubisi kwa ajili ya wimbo ule, akapigwa mgongoni na kuitwa shujaa mwenza, akacheka nao. Halafu akaacha kwenda kwenye pombe. Hakusema lolote. Lakini Deodatha akiinama kula, Anatory huacha kula, akautazama uso wa binti yake, paji, pua, masikio, kama mtu anayekagua ndama aliyeokotwa njiani. Adelgunda aliyaona macho yale kila siku na hakuweza kuyasema, kwa maana ukijitetea kabla hujashtakiwa umejishtaki.

Sasa alikuwa nyuma ya kiambaza cha matete, binti yake amemshika mkono, na mashitaka yalikuwa yameketi upande wa pili.

Kwa desturi ya huku mama wa binti hakai mbele ya mkwewe, wala hawatazamani usoni. Mama hukaa nyuma ya matete, akasikia, na kama ana neno humpitishia mumewe. Adelgunda aliweka jicho kwenye mwanya. Alimwona Anatory akipitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzee Ndyamukama alikipokea, akakitazama, akakipitisha kwa jirani yake bila kuchukua hata punje. Jirani naye akakipitisha. Kikapu kikamrudia Anatory kama kilivyotoka.

Mgeni asipoichukua kahawa yako, amekwambia kila kitu.

"Mkwe," Anatory alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "kama ninaruhusiwa bado kukuita hivyo."

"Ndicho nilichokuja kukijua, waitu, bwana wangu," alisema Ndyamukama. "Nimeambiwa kuna wimbo. Mimi sikai kwenye pombe, kwa hiyo sijausikia. Nimeletewa vipande vipande na watu wenye adabu, walioona haya kunimalizia. Wanasema usiku ule kaka yangu alilala na mwenye nyumba hii."

Deodatha alivuta pumzi. Mama yake alimbana mkono.

"Kama ni kweli," mzee aliendelea, "binti yako ni binti wa kaka yangu. Ni dada wa Cassian, ukoo mmoja, mwiko mmoja. Siwezi kumwoza mwanangu dada yake, hata kama wote wawili wanalia. Kama si kweli, nitajua. Kwa hiyo nimemleta mwenyewe aliyeimba, aimbe mbele yenu wote. Nitausikiliza kwa masikio yangu, nitaamua hapa hapa, na sitaki mtu anione baadaye barabarani anishike koti."

Mahali fulani chini ya mibuni ng'ombe alilia, akanyamaza.

Adelgunda alijua angeweza kupiga kelele sasa hivi kwamba ni uongo. Lakini ni mwanamke gani angesema vinginevyo? Alijua pia kitu kingine, kizito zaidi, alichokuwa amekibeba peke yake miaka yote hiyo: kwamba alijua hasa kilichotokea usiku ule, na kwamba marehemu mwenyewe alimwomba asimwambie mtu.

"Imba," alisema Ndyamukama.

Projest aliulaza mti wa nanga magotini, akajaribu uzi mmoja, akajaribu mwingine. Jasho lilimteremka shingoni. "Mzee, kuna mahali... mbele ya wakwe haifai. Nitaruka kidogo."

"Usiruke. Ulivyouimba Kaisho uuimbe hivyo hivyo."

Basi akaimba. Alianza vizuri, maneno ya baba yake, simba aliyetoka bondeni, kina mama waliobeba watoto mgongoni wakaogopa kwenda kuteka maji, mbwa wa Byarugaba na njuga zao za mbao shingoni. Wazee walianza kutikisa vichwa. Hata Adelgunda alijisahau kidogo, alikuwa anayaona. Kisha mvua ikanyesha ndani ya wimbo, na mlango wa nyumba ya mwisho ukafunguka.

Alitia kitanda chote. Alipewa amri, akatii, maskini. Penye rubisi maneno yale huja na vicheko, na vicheko huyabeba kama maji yanavyobeba takataka. Hapa hakuna aliyecheka. Maneno yalibaki pale pale yalipoangukia, moja moja, mbele ya baba wa binti na baba wa kijana. Shuka. Samli. Kovu. Wazee waliinamisha vichwa kwenye nyasi. Cassian aliziba uso kwa mikono miwili. Na kitanda hakikuisha. Kila Projest alipodhani amefika mwisho alikuta ubeti mwingine aliokuwa ameutunga ili aongezewe kibuyu, na ilimbidi auimbe nao.

"Ngoja," alisema mmoja wa wale wazee wawili, mzee mwenye jicho moja. "Mbwa wako wapi?"

"Mbwa gani, mzee?"

"Mbwa wa marehemu. Walikuja naye. Wakati wote huu wa mambo yako hayo, mbwa wako wapi? Umewaacha mvuani?"

Projest alikuwa hajawahi kuulizwa hilo. "Sijui, mzee."

"Na simba?"

"Simba yuko bondeni."

"Anangoja mmalize," alisema yule mzee kwa ukali, akatema mate kwenye nyasi, kisha akakumbuka yuko ugenini akayafukia kwa kidole.

"Endelea," alisema Ndyamukama. Uso wake ulikuwa umekauka kama jiwe la kusagia.

Projest aliendelea, na sasa akaingia mahali ambapo hakuwa amefika siku nyingi. Penye pombe wimbo huishia kitandani. Watu hupiga kelele "rudia hapo, rudia hapo," naye hurudia, mpaka rubisi inakwisha na kila mtu anakwenda kwake. Miaka miwili hakuna aliyemsikia simba akifa. Projest mwenyewe alilazimika kuyatafuta maneno, anasimama, anajaribu, kama mtu anayeitafuta njia ya shamba aliloliacha. Kukakucha. Byarugaba akashuka bondeni. Mbwa wakalia. Simba akatoka kwenye nyasi ndefu, na Byarugaba akatupa mkuki, mkuki ukaingia chini ya bega ukafika moyoni.

"Inatosha," Ndyamukama alisema. Aliweka mikono juu ya magoti ili asimame. "Nimesikia. Anatory, nisamehe. Sina ugomvi na wewe, lakini..."

"Uliingia?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nayo ilitoka nyuma ya matete. Vichwa vyote viligeuka. Adelgunda mwenyewe alishtuka kuisikia. Alikuwa amesimama, na hakukumbuka kusimama.

"Mama Deodatha!" Anatory alimkemea.

"Naongea nikiwa nyuma ya kiambaza, sijatoka, sijamtazama mkwe wangu," alisema Adelgunda, na maneno yalimtoka haraka kabla hofu haijamkamata ulimi. "Nauliza tu. Projest, huo mkuki uliingia au haukuingia?"

"Uliingia, mama. Kila mtu anajua uliingia. Ngozi ilipelekwa kwa mkama, kwa mfalme mwenyewe."

"Kwa mara ya kwanza?"

"Kwa mara ya kwanza."

"Basi mimi si mwindaji, ni mwanamke wa jembe," alisema Adelgunda. "Nimeolewa tu kwenye nchi ya wawindaji. Lakini hata mtoto anajua mwiko wenu. Mwindaji akienda kwenye simba hagusi mwanamke, hata mke wake wa ndoa. Akigusa, mkuki wake unapita pembeni. Sasa wazee wangu, mniamulie. Kama alilala na mimi, mkuki ungepita pembeni. Kama mkuki uliingia, hakulala na mimi. Wimbo mmoja hauwezi kuwa na vyote viwili."

Mzee wa jicho moja alitoa mluzi mdogo kwenye meno yake.

Ndyamukama, aliyekuwa ameinuka nusu, alirudi chini polepole. Alikuwa mwindaji yeye mwenyewe kabla ya magoti kumwasi. Ungeona jinsi anavyolipima jambo lile, analigeuza huku na huku. Wimbo alikuwa hajawahi kuusikia mpaka mwisho. Aliletewa kitanda peke yake, kimekatwa kikatolewa, na kitanda peke yake hakina mkuki wa kukikanusha.

"Projest," alisema, "uliutia mwiko wa kaka yangu kwenye wimbo ili watu wacheke?"

"Sikufikiria mwiko, mzee." Projest alikuwa karibu kulia. "Haki ya Mungu sikuufikiria. Nilifikiria mahali pale tu. Sikufikiria kule mbele."

"Ulimfanya mtu aliyekufa akiwa safi aonekane mchafu."

"Ndiyo, mzee."

Deodatha alikuwa analia kimya kimya kwa furaha, akamkumbatia mama yake miguuni. Lakini Adelgunda hakufurahi bado. Alimjua mzee yule kwa sifa zake. Hakuwa mtu wa kuondoka na nusu ya jambo.

"Mama," alisema Ndyamukama, akizungumza na matete, "mkuki uliingia. Hilo nalikubali. Lakini kuna watu watakaosema miko inavunjwa na mikuki inaingia. Watasema hivyo siku ya harusi, na watasema hivyo wajukuu wakizaliwa. Wewe ulikuwepo. Mwanamume amekaa nyumbani mwako usiku kucha, mvua inanyesha, mumeo hayupo. Mlifanya nini?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo alilokuwa analiogopa. Adelgunda aliegemea nguzo. Alikumbuka sauti ya marehemu mlangoni, kumepambazuka, ameshaufuta uso wake kwa maji ya mvua: dada, usimwambie mtu. Alikuwa ameahidi. Alimnyima hata mumewe, na ukimya ule ndio uliomjaza mumewe mashaka. Akisema sasa, anamvua nguo mtu aliyekufa shujaa, mbele ya mdogo wake na mbele ya ukoo. Asiposema, anamzika binti yake. Alimtazama Deodatha pale miguuni. Nywele zilizopakwa samli zilikuwa zimejaa nyasi.

"Alikuwa anaogopa," alisema.

Mzee Ndyamukama aliinua kichwa.

"Sikutaka kusema, mkwe. Aliniomba nisiseme. Mkuki aliuacha nje, ameuchomeka ardhini chini ya upenu. Mbwa waliingia, wote, wakalala kwenye jiko wakanuka. Yeye hakupita nguzo ya kwanza. Alikaa kwenye nyasi karibu na mlango, akatetemeka. Nilidhani ni baridi, nikaongeza kuni. Haikuwa baridi. Nilimpa uji akashindwa kushika kikombe, nikamshikia mimi akanywa, kama mtoto. Akasema, dada, ongea. Nikamwuliza niongee nini, mimi sikujui. Akasema chochote, usinyamaze tu, ukinyamaza namsikia."

"Anamsikia nani?" aliuliza mzee wa jicho moja.

"Simba. Mvua inanyesha, simba hata hakulia usiku ule, lakini yeye alimsikia. Basi nikaongea. Nilimsimulia ng'ombe wa bibi yangu aliyekula kofia ya padri. Nilimsimulia maharage, yanavyopandwa, mistari mingapi. Nilipoishiwa nikarudia ng'ombe. Kukakucha. Akasimama, akashuka. Mkwe, mimi nilimwona anavyoshuka. Miguu ilikuwa haitaki, na bado alishuka."

Adelgunda alifuta uso kwa ncha ya kanga. Alijiona mwizi. Alisubiri waanze kumtukana, maana kwa wanaume wengi afadhali shujaa mzinzi kuliko shujaa mwoga, hilo alilijua vizuri.

Ndyamukama alisogea karibu na matete.

"Mikono," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake ya kwanza. "Ilikuwa inatetemeka yote miwili?"

"Wa kushoto. Na wa kulia aliukalia. Aliuweka chini ya paja akaukalia usionekane."

Ndyamukama alivua kofia yake, akaiweka usoni. Mabega ya lile koti zito la kanisani yakaanza kucheza.

"Alikuwa anaukalia tangu utotoni," alisema ndani ya kofia. "Baba akituita kwenda porini, kaka alikuwa anaukalia. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na mama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, hakuna. Na kila mara alikwenda."

Watu walitazama pembeni ili alie. Ng'ombe alilia tena chini ya mibuni. Kisha Ndyamukama akafuta uso, akavaa kofia vizuri.

"Projest. Imba tena. Anzia kwenye mvua."

"Mzee, sina maneno ya hapo. Nikikitoa kitanda, pale hapana kitu."

"Mama huyu anayo. Yaombe."

Projest aligeuza kigoda akaelekea kwenye matete. Ilikuwa ajabu kumwona, mtu aliyezoea kuwa wa kwanza kucheka. "Mama," alisema taratibu, "mbwa walilala wapi?"

"Kwenye jiko."

Aliimba mbwa kwenye jiko. Akauliza uji ulikuwa wa nini, akaambiwa wa mtama, akauimba. Akauliza ng'ombe wa kofia alikuwa wa rangi gani. Hapo wazee walicheka, cheko fupi la kweli, na wakanyamaza upesi kwa kuwa ndani ya wimbo palikuwa na mtu anayetetemeka. Adelgunda alitoa neno moja moja kupitia mwanya na Projest akaliweka kwenye nyuzi. Alipofika kwenye mkono uliokaliwa sauti ilimvunjika, hakuitengeneza. Kisha kukakucha, Byarugaba akashuka, na safari hii wote waliokuwa mle ndani walishuka naye, wakiogopa. Mkuki ulipoingia, Cassian alipiga kelele kama yuko pale. Simba akaanguka, Byarugaba akafa chini yake, mbwa wakakaa wamemzunguka mpaka watu walipofika. Hakuna aliyesema rudia.

Adelgunda alitazama kwenye mwanya. Alimtafuta mumewe, akamkuta hatazami wazee wala Projest. Anatory alikuwa anatazama kiambaza, mahali hasa alipo yeye, macho yamejaa maji. Hakusema samahani. Hakuwa mtu wa maneno hayo, na hakuyapata hata siku ile. Aliinua kile kikapu kidogo kilichokuwa kimerudi kwake hakijaguswa.

"Deodatha," aliita. "Mwanangu. Njoo uwape wakwe zangu kahawa."

Neno "mwanangu" alilitamka kwa nguvu, mbele ya kila mtu. Binti aliinuka, akakung'uta nyasi kichwani, akatoka, akapiga magoti. Ndyamukama alichukua kahawa. Hakuchukua punje moja ya adabu, alichota kiganja kizima, akatia mdomoni, akatafuna akimtazama msichana usoni muda mrefu: paji, pua, masikio.

"Sura ya Anatory kabisa," alisema. "Maskini." Kisha akamgeukia mwanawe. "Cassian, kamfungue ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" aliuliza Anatory.

"Nimemfunga kwa jirani yako, huko chini ya mibuni." Mzee alikohoa, akaona haya kidogo. "Ungetaka nimwache nyumbani? Nilikuja kusikiliza, mkwe. Sikuja nimeshaamua."

Cassian alikuwa ameshatoka mbio.